Maswali ya wasomaji: Kabla ya kulitia rangi boksi la umeme

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya boksi la umeme la kando ya barabara lililopambwa kwa rangi na vijana wa mtaa, na hatukuandika chini yake zaidi ya mistari miwili. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba mistari miwili haikutosha. Nimechagua nne ambazo kwa pamoja zinagusa mengi ya yaliyoulizwa, na majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

Swali: Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni katibu wa maskani yetu ya vijana hapa Kikwajuni, mjini Unguja. Mbele ya baraza tunayokaa pana boksi kubwa la umeme la kijivu ambalo limebandikwa kila aina ya karatasi, na upande mmoja limeanza kuingia kutu. Tumechangishana fedha za rangi, na miongoni mwetu wamo wawili wanaochora vizuri. Nimeona katika simu kwamba miji ya nje maboksi kama haya huchorwa na wakaazi wenyewe. Mzee mmoja wa mtaani ametwambia kwamba tukiligusa tutachukuliwa na polisi. Je, tuanze, na tuanzie wapi? *Katibu wa maskani, Kikwajuni*

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Mzee aliyekutisheni amekufanyieni hisani. Boksi lile si la maskani, si la sheha wala si la manispaa; ni mali ya shirika la umeme, na ndani yake mna umeme wa volti 400 baina ya fezi na fezi, yaani baina ya waya mbili zenye moto, huo huo unaoingia majumbani mwenu ukiwa volti 230. Kwa hivyo ruhusa ya kwanza ni ya mwenye boksi, na iwe ya maandishi. Nendeni kwa sheha mwanzo, kwani barua iliyopita kwa sheha husikilizwa mahali ambapo barua ya vijana wa maskani peke yao huwekwa chini ya barua nyengine. Kisha ipelekeni ofisi ya shirika ikiwa na namba ya boksi, picha yake ya pande zote na mchoro mnaoukusudia, na nakala moja iende Baraza la Manispaa, kwa sababu boksi limesimama kando ya njia na nyinyi mtakuwa mmesimama njiani siku mbili tatu mkiwa na makopo na ngazi.

Miji uliyoiona katika simu haikuanza kwa brashi. Brisbane, nchini Australia, wakaazi wamekuwa wakichora maboksi ya taa za kuongozea magari tangu mwaka 1999, na kila anayetaka boksi hupeleka mchoro wake kwanza na kusubiri ukubaliwe. Boston, nchini Marekani, ilifungua mpango wake mwaka 2008 chini ya tume ya sanaa ya jiji. Huko Nyuzilandi, kampuni ya Chorus yenye makabati ya mawasiliano kando ya barabara hualika wachoraji, huchagua michoro na kuwalipa waliochaguliwa. Sababu ya mingi ya mipango hiyo, tuseme kweli, haikuwa mapenzi ya sanaa: mabaraza ya miji yalichoka kugharimia kufuta maandishi yanayopuliziwa usiku, na yakaona kwamba boksi lenye mchoro huchafuliwa kwa nadra kuliko boksi tupu. Maradhi yetu sisi ni mengine. Maboksi ya Unguja hayapuliziwi rangi sana. Yanabandikwa karatasi za vyumba vya kupangisha, za tuisheni, za waganga, na picha za wagombea ambao uchaguzi wao umeshapita zamani. Mchoro mzuri haumzuii mtu mwenye kopo la gundi. Kwa hivyo, kabla ya kununua rangi, tengenezeni ubao mdogo wa matangazo na muuweke hatua chache kutoka hapo, kwani mwenye chumba cha kupangisha hana nia mbaya, anatafuta tu pahala pa kubandika.

Mkishapata ruhusa, ombeni fundi wa shirika awepo asubuhi ya kwanza. Yeye ndiye atakayepima kama mwili wa boksi hauna shoti, jambo ambalo jicho haliwezi kulijua, na ndiye atakayekuonyesheni yasiyopakwa rangi: pembetatu ya manjano yenye alama ya radi, namba ya boksi, tundu la kufuli, bawaba, na matundu ya kupitishia hewa. Rangi ikiingia katika ufa wa mlango na kukauka, mlango hugandana, na fundi atakayeitwa saa nane za usiku wa mvua atautia bisibisi kuubandua, na mchoro wenu utakwenda nao. Waliokaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ingawa kosa la wakati ule lilikuwa la njia ya umeme utokao bara kwa waya wa chini ya bahari na halikuhusu maboksi ya mitaani, wanajua namna mtaa unavyomsubiri fundi. Msimcheleweshe kwa ajili ya pambo. Wala msilioshe boksi kwa mpira wa maji. Kitambaa chenye unyevu, sabuni na subira vinatosha.

Sasa niseme juu ya mchoro wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo maskani nyingi zitakapokosea. Hapa kwetu rangi haziko peke yake. Boksi la kijani na manjano, au la zambarau, litasomwa na kila mpita njia kuwa ni bendera, hata kama aliyechora alikuwa anafikiria maembe na bilingani; na maskani nanyi mnajulikana ni ya upande gani. Chagueni mchanganyiko ambao hauna chama. Jambo la pili ni mfadhili. Atakuja mtu wa kampuni atakayekupeni rangi bure kwa sharti la kuweka nembo ndogo pembeni, na nembo hiyo kila mwaka itakua. Boksi lenye nembo ni bango la biashara, na mabango yana taratibu zake kwa manispaa ambazo nyinyi hamtaki kuingia. Fedha mlizochanga, hata zikiwa chache, zinakupeni uhuru wa kusema hapana.

Mimi ningekushaurini mlitazame boksi kama mnavyoitazama kanga. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Boksi nalo lina kingo, ambazo ndizo zinazoanza kula kutu na ndizo zinazokwaruzwa na baskeli, basi hapo wekeni pindo la rangi nzito linaloweza kurudiwa kila mwaka bila ya kuugusa mchoro wa kati. Mji wa kati uwe na umbo moja kubwa, linaloonekana na mtu aliyeko ndani ya daladala, si vitu ishirini vidogo vidogo. Na jina, mkitaka jina, litoke kwa kina mama wa mtaa, lakini msomeeni sheha kabla ya kuliandika. Sote tunajua majina ya kanga yanavyotumika kupeleka maneno kwa jirani bila ya kumtaja, na jina lililoandikwa barabarani likaelekea dirisha la mtu haliwezi kukunjwa na kurudishwa sandukuni.

Ukili wa mikeka pia ni hazina ambayo naona wachoraji wetu wameipita mbio wakikimbilia twiga na Maasai, wanyama na watu ambao si wenyeji wa Kikwajuni. Boksi lile mtalitazama nyinyi kila siku. Mgeni atalitazama mara moja akiwa njiani kwenda pwani.

Swali: Maalim, nyumba yangu iko Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, na ukutani, karibu na mlango, pana boksi dogo la umeme. Kijana mmoja wa jirani alilichora uso wa mwanamke aliyejitanda kanga, mzuri sana, nami kwa kweli naupenda mchoro huo. Lakini wazee wanaopita hapo kwenda msikitini wamelalamika kwa mume wangu, na baba mkwe siku hizi huzunguka njia ya nyuma. Kijana anasema sanaa haifutwi. Nifanye nini bila ya kuvunja ujirani? *Mama wa Mkunazini*

Jibu: Bibi, kijana amesema neno kubwa mahali padogo. Mchoro wa njiani hauna ruhusa ya mchoraji peke yake. Unaomba ruhusa upya kila anapopita mtu, na mtaa wako umeshamjibu. Katika mji ambao wengi wa wakaazi wake ni Waislamu, wapo wanaochukizwa na sura ya kiumbe hai popote ilipo, na wapo wasiojali isipokuwa inapokuwa njia ya msikitini. Sitaingia katika hukumu ya jambo hilo, maana wenye elimu yake wapo karibu nawe kuliko mimi. Ninachokiona ni kwamba mafundi wa mji huu walikwishalijibu suala hili kwa mikono yao. Tazama milango: mnyororo, yungiyungi, majani ya mtende, samaki aliyechongwa mpaka akakaribia kuwa jani, na juu ya mlango maandishi ya Kiarabu. Karne nzima ya uchongaji na ni nadra kuuona uso unaokukodolea macho, na hakuna aliyewahi kusema kwamba milango ile ni tupu.

Lipo na la pili, ambalo huenda kijana halijui. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya nje ya nyumba hupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Hata boksi likiwa la shirika la umeme, ukuta uliolibeba ni sehemu ya kinachohifadhiwa. Rai yangu, na najua wachoraji hawataipenda, ni kwamba ndani ya Mji Mkongwe boksi zuri ni lile lisiloonekana: lipakwe rangi iliyo karibu na chokaa ya ukuta wake na liachwe linyamaze. Michoro mikubwa iende Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, iende Michenzani penye majumba marefu ya saruji ambayo yanaililia rangi, iende Mwembetanga na Magomeni. Vichochoro vyenu vina mapambo ya kutosha, na kuchora mlango wa Kizanzibari juu ya boksi lililo mbele ya mlango wa Kizanzibari wenyewe ni kumwekea mtu picha yake usoni.

Utazame pia kama rangi imevuka boksi ikaingia ukutani. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa hupumua. Rangi ya plastiki ikiifunika, unyevu hunaswa ndani na plasta huanza kuvimba na kumeguka. Doa dogo leo ni shimo baada ya masika mawili.

Juu ya ujirani, usimwambie afute. Mwite yeye na wazee wawili, kahawa iwepo, na umuombe akubadilishie: kanga ile ile aliyojitanda yule mwanamke ibaki, pindo lake na maua yake, uso ndio uondoke. Mchoraji hodari atauona kuwa ni mtihani wa ufundi wake. Kabla hajaanza, upige picha nzuri ya mchoro wa sasa na umpe, kwa sababu kweli umemchukua muda na kweli ni mzuri.

Swali: Mimi ni fundi rangi, Chake Chake. Mwaka jana skuli moja iliniomba nisaidie wanafunzi kuchora boksi lililo nje ya uzio, ruhusa ikiwa imeshapatikana. Nilitumia rangi ya mafuta nzuri, ya bei, ile ile wanayotumia wachoraji wa Tingatinga. Baada ya mvua rangi imeanza kubanduka vipande vipande kama ganda la ndizi, na chini chuma ni kisafi hakina kutu. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijapata aibu kama hii. Kosa liko wapi? *Fundi wa Chake Chake*

Jibu: Fundi mwenzangu, kwamba chini ni kisafi ndiyo habari yote. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na waliomfuata walipaka rangi ya mafuta juu ya vibao, na kibao huinywa rangi na kuishika. Boksi lako, kwa ulivyoeleza, ni chuma kilichochovywa zinki kama bati la paa. Rangi ya mafuta ikilala moja kwa moja juu ya zinki, baina yao hutengenezeka, pole pole, kitu cha jamii ya sabuni. Miezi ya mwanzo hutaona chochote. Unyevu ukiingia, ile sabuni hulegea na rangi huachia yote kwa mkupuo, na Pemba, ambayo hupata mvua nyingi kuliko Unguja, haikukupa muda mrefu. Ubora wa rangi na bei yake havikuweza kukusaidia.

Safari nyengine chukua sumaku mfukoni. Ikinata, ni chuma, na kwa boksi la nje kisia kwamba kimechovywa zinki mpaka uthibitishe vyenginevyo. Isiponata, ni aluminiamu au ni plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, na gonga la kidole litakwambia ni ipi. Kwa zinki, bandua rangi yote iliyolegea, osha kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi ili chumvi ya bahari itoke, kwani chumvi iliyofungiwa chini ya rangi huvuta maji, kisha pitisha msasa laini kwa wepesi. Usikwangue mpaka ukaing'oa zinki yenyewe. Unataka kuutia ukali uso wake tu. Unga mweupe ukiuona, huo ni kutu ya zinki, nao usugue utoke wote. Penye kutu nyekundu zinki imeshakwisha, na hapo brashi ya waya na praima (rangi ya chini) ya kuzuia kutu ndiyo dawa. Baada ya hapo paka praima iliyoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya mabati yaliyochovywa zinki, na juu yake rangi ya maji ya akriliki, mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito. Aluminiamu inataka praima yake maalumu ya kuuma chuma. Plastiki inataka msasa zaidi kuliko yote.

Kabla wanafunzi hawajachora mstari wa kwanza, jaribu praima yako kwa utepe. Acha ikauke kwa muda uliotajwa kwenye kopo, bandika kipande cha utepe wa kunata, ukandamize, kisha uuvute kwa nguvu. Ukitoka na rangi, anza upya, na shukuru kwamba ni praima ndiyo iliyotoka na si kazi ya watoto arubaini.

Wakati nao una lake. Wengi huchagua mapumziko ya skuli bila ya kutazama mbingu. Miezi ya kipupwe, baada ya masika kwisha na kabla ya vuli, ndiyo inayofaa zaidi, maana chuma hakichomi na hewa si nzito; kaskazi ni kikavu, lakini jua la Januari huikausha rangi kwenye brashi kabla haijafika. Subiri umande wa asubuhi ukauke kabisa, na uufuate upande wenye kivuli unavyohama kulizunguka boksi. Rangi nyeusi na za kiza kingi usizifanye uwanja wa mchoro, kwani hunyonya joto na kulipeleka kwenye vyombo vilivyomo ndani. Uwanja uwe mweupe au wa rangi nyepesi. Nyekundu na manjano kali za bei nafuu hufifia mwanzo kwa jua, ilhali rangi za udongo, zile za kahawia na manjano ya ngeu, hudumu. Na kwa kuwa unafanya kazi na watoto, nunua rangi iliyoandikwa kwamba haina madini ya risasi, na kazi ya kukwangua rangi ya zamani uifanye mwenyewe wao wakiwa darasani.

Mwisho paka varnishi isiyo na rangi, ya kuzuia jua. Ina faida ya pili: karatasi iliyobandikwa juu yake hutoka kwa kitambaa cha maji.

Swali: Nilichora boksi mtaani kwetu bila ya malipo, kwa ridhaa ya shirika. Sasa duka moja la wageni linauza fulana zenye mchoro wangu. Nilipouliza niliambiwa kwamba boksi ni la umma, kwa hivyo na mchoro ni wa umma. Ni kweli? *Mwanafunzi wa sanaa, Mjini Unguja*

Jibu: Si kweli. Mwenye boksi anamiliki bati; mchoro ni kazi ya mikono na akili yako, na haki yake haikuhama kwa sababu tu ulikubali kuuweka pahala ambapo watu wote wanauona, isipokuwa kama ulitia saini karatasi inayosema vyenginevyo. Isome tena barua ya ridhaa uliyopewa, neno kwa neno. Kama haisemi lolote juu ya haki ya mchoro, chukua michoro yako ya awali, picha ulizopiga wakati wa kazi zenye tarehe, na fulana moja uliyoinunua na risiti yake, uende navyo Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar ukaeleze. Nenda kwanza huko kabla ya kurudi dukani, na dukani usirudi peke yako.

Jambo ambalo haki hiyo haitakupa ni boksi lenyewe. Shirika likitaka kulibadilisha kesho kwa sababu limechakaa au mtaa umeongezeka nyumba, litalibadilisha, na mchoro utakwenda kwenye ghala la vyuma chakavu. Waombe tu wakupe taarifa siku chache kabla, ukaupige picha ya mwisho.